Koni iliyokufa chini ya kisanduku: uzoefu wangu na taa za kuvukia London

Nimekaa siku tatu sijaandika, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi sioni. Presha ya macho ilinianza nikiwa msichana Tanga, ikamaliza jicho moja, kisha la pili. Sasa naishi kusini mwa London, na kila siku ya kazi navuka barabara kubwa kwenda kituo cha basi. Kivuko chenyewe ni cha vipande viwili. Unavuka nusu, unafika kwenye kisiwa cha katikati chenye vyuma vya kuzuia, unasogea hatua kadhaa pembeni, ndipo unavuka nusu ya pili.

Chini ya kile kisanduku cha kwenye mlingoti wa taa, chenye kitufe cha kuomba kuvuka, kuna koni ndogo, kama kifuniko cha dawa ya meno, yenye mistari inayoshikika kwa kidole. Mtu wa kijani, ile picha ya taa inayoruhusu kuvuka, akiwaka, koni inazunguka. Akizimika, inasimama. Wanaoona wengi hubonyeza kitufe hicho maisha yao yote bila kujua kwamba ipo. Ilibuniwa Nottingham miaka ya 1980, na aliyeibuni Mungu ambariki, maana siku mwalimu wangu wa fimbo nyeupe aliponiwekea kidole pale, ikaanza kuzunguka, machozi yalinitoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu utotoni kujua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba sasa ni zamu yangu kuvuka. Siku ile ningeipa nyota zote za mbinguni.

Kuna taa nyingine zinazolia bip bip bip, na hizo nazipenda, ingawa sehemu nyingi wanazizima usiku ili majirani walale. Kwenye kivuko changu mlio haupo kabisa. Mwanzoni niliwalaumu sana, lakini mwalimu alinieleza nikaelewa: mlio wa nusu moja ungesikika na mtu aliye nusu ya pili, naye angedhani ni wake, akaingia mbele ya magari. Sababu hiyo naikubali kabisa. Ila maana yake ni kwamba pale mimi sina kingine. Nina koni tu.

Na koni imekufa.

Ilikuwa alfajiri moja ya baridi, majuma kadhaa yaliyopita, kama saa kumi na moja na nusu. Nilifuata vile vigae vyekundu vyenye vinundu mpaka kwenye mlingoti, nikabonyeza, nikaweka kidole. Nikangoja. Nikabonyeza tena, nikangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna kilichozunguka. Nikategea sikio, kimya. Nikaona nisichelewe kazini, nikatanguliza fimbo. Gari la mizigo la umeme likapita mbele yangu bila mngurumo wowote, likaipiga fimbo ikaruka kutoka mkononi mwangu. Dereva hakusimama. Nilipiga magoti pale ukingoni nikipapasa lami, natetemeka, hata Bismillahi haikutoka vizuri.

Nikapiga simu wanakoripotiwa taa mbovu. Mara ya kwanza walinishukuru. Mara ya pili walinipa namba ya kumbukumbu. Mara ya tatu nikampata kijana mmoja, akaniambia fundi ameshapita na kila kitu kinafanya kazi.

Nikamuuliza, "Fundi aliigusa koni?"

Akanyamaza kidogo. "Mama, taa inawaka kijani. Tumeiona."

Nikamwambia tena, taratibu, kwamba mimi hiyo kijani siioni, ndiyo maana kuna koni. Akajibu, "Si unaweza kumwomba mtu akuvushe?"

Hapo ndipo nilipokatika. Mimi nimetoka kwenye kuvushwa, ndugu zangu. Tanga nilivushwa na kila mtu: vijana wa bodaboda, wauza maandazi, watoto wa shule, "Shikamoo mama, unavuka?", mkono umeshanishika kabla sijaitikia marahaba. Nawashukuru mpaka leo. Lakini hiyo alfajiri nani yuko barabarani wa kumwomba? Na kwa nini nimwombe, wakati kifaa kimewekwa pale ili nisiombe? Fundi ametumwa kukagua kitu cha watu wasioona, amesimama mbali, amekitazama kwa macho, ameandika kizima, ameondoka. Kidole kimoja tu kingemtosha.

Mdogo wangu anakaa Göteborg, Sweden. Nilipomtembelea nilikuta milingoti yao inagonga tik, tik, polepole muda wote, hata usipobonyeza, kwa hiyo unaifuata kwa sikio mpaka unaifikia. Kijani ikiwaka inagonga mbio mbio. Sikio linajua na kidole kinajua. Kimoja kikifa kingine kipo. Nilivuka kule nikijihisi mgeni aliyetandikiwa mkeka.

Basi nilikuwa nimeamua kusema taa za London hazifai, msizitegemee kabisa. Kisha juzi nikafika pale kwa mazoea, nikaweka kidole bila matumaini, koni ikazunguka. Jamani! Niliishika kama nashika mkono wa mtu niliyemkosa. Nikavuka nusu ya kwanza, nikapapasa kwenye kisiwa, koni ya pili nayo ikazunguka. Siku nzima kazini nilikuwa mwepesi. Nikasema jioni nikirudi niandike kuwashukuru, na yule kijana nimsamehe.

Jioni nikashuka basi upande wa pili, mvua inanyesha, mkononi nina mfuko wa unga na viazi. Nikabonyeza, nikaweka kidole kwenye koni ya kurudia nyumbani. Hii ya upande huu hawakuigusa. Imeganda vile vile, na nilipoisukuma kwa ukucha ikatikisika kama jino bovu.

Nimepiga simu ya nne. Nimepewa namba mpya. Asubuhi navukia pale na nashukuru. Jioni natembea mpaka kivuko kinachofuata, chenye mlio, kisha narudi nyuma umbali ule ule na mfuko wangu wa unga.