Sindano za kufumia za waya: miezi minane, watoto watatu

Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli. Mama alizisugua ncha kwenye jiwe la kunolea visu mpaka zikaacha kuchoma vidole, akanikabidhi pamoja na bonge la uzi alioufumua kwenye sweta kuukuu la babu. Hiyo ilikuwa Tukuyu, ambako mvua ikianza hujui lini itakuacha utoke nje, kwa hiyo kufuma nilikujua kabla ya kujua kuchambua mchele. Baadaye mama alinirithisha jozi yake halisi, za bati la kijivu zenye kitufe nyuma kilichochorwa 8. Nimezitumia hizo mpaka nimeolewa, nimehamia Uyole na kupata watoto watatu: mmoja darasa la pili, mmoja ana miaka minne, na mdogo ambaye sasa anatambaa na kuokota kila kitu sakafuni.

Shida ya sindano mbili ndefu mwenye watoto ataielewa hata kama hajawahi kufuma. Uko katikati ya mstari, unasikia "Mama, choo!" Hiyo haina kusubiri. Unaweka kazi juu ya kochi, unakimbia. Ukirudi, sindano moja imeshakuwa upanga, na vitanzi tisini vinakutazama bila kitu cha kuvishikilia. Mwaka jana sweta moja la mtoto wa darasa la pili nilianza mwezi wa tano ili alivae kwenye baridi ya mwezi wa saba. Alilivaa mwezi wa kumi, joto limeshaingia.

Ndipo Novemba nikaagiza sindano za waya. Kwa asiyezijua: ni vijisindano viwili vifupi, kama urefu wa kiganja, vimeunganishwa na waya laini wa plastiki. Vitanzi vyote vinakaa kwenye waya, na waya unalala mapajani. Nilichukua seti yenye jozi 13 za vichwa, yaani vile vijisindano, kuanzia milimita 2.75 hadi 10, na nyaya nne za urefu tofauti unazofunga na kufungua kama nati. Muuzaji yuko Kariakoo, nilimwona kwenye simu. Seti ilikuwa shilingi 38,000 na mzigo kwa basi 5,000. Nikaenda kuuchukua stendi ya Nanenane kesho yake jioni, mtoto mgongoni, huku nikijiuliza nitamwambia nini baba watoto kuhusu elfu arobaini na tatu za "visindano". Sikumwambia. Aliuona mkoba, akauliza kama nimeanza kufuma nyavu za samaki.

Sasa nisifu kinachostahili. Ukisikia unaitwa, unavisukuma vitanzi katikati ya waya, unatupa kazi kwenye kapu na kuondoka. Hakichomoki kitu. Mtoto akivuta kichwa kimoja, atavuta kazi nzima na utaisikia ikiburuzwa sakafuni. Tangu nizipate sijapoteza mstari hata mmoja kwa sababu ya kuitwa. (Kwa sababu nyingine nimepoteza, nakuja huko.)

Halafu hizi zinafumika pasipo nafasi. Kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa, sindano ndefu ni ugomvi, kiwiko chako kiko kwenye mbavu za jirani na ncha iko kwenye kikapu chake cha nyanya. Hizi fupi unafumia kifuani, mikono imekaa pamoja kama unasali. Kliniki siku ya kupima uzito, kwenye benchi la kusubiri, nimewahi kumaliza utepe wote wa chini wa kofia, ule wa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kabla mtoto hajafika kwenye mizani. Jioni mkubwa akisoma kitabu chake kwa sauti, mimi namsikiliza na mikono inakwenda. Akikosea neno namkatisha, akipatia naongeza kitanzi. Sijawahi kukaa saa nzima nikafuma. Ni dakika saba hapa, tano pale, maji ya ugali yakichemka, basi la shule likichelewa.

Mistari naihesabu kwa maharage. Mfuko wa kulia wa aproni una punje ishirini, mstari ukiisha punje moja inahamia kushoto. Ni njia nzuri mpaka wa miaka minne alipozigundua, akazitoa zote na kuzipanda kwenye ndoo ya udongo nje. Zimeota.

Kosa langu kubwa lilikuwa la namba, na nalieleza kwa urefu kwa sababu najua si mimi peke yangu. Nilizoea namba 8 ya mama. Seti ilipofika nikatafuta kichwa chenye 8, nikakipata, nikafunga, nikaanza sweta la huyu wa miaka minne: vitanzi 132, kama nilivyofanya siku zote kwa kifua cha sentimita 60. Nilifuma wiki mbili. Nikaona linakuwa pana, nikajipa moyo kwamba uzi utajirudi ukifuliwa. Siku ya kumjaribisha likamshukia mabegani kama kanzu. Nikachukua rula, ikasoma sentimita 73.

Nikageuza kile kichwa upande wa pili. Kimeandikwa 5.0. Sindano za mama ni za namba za Uingereza za zamani, ambako 8 ni milimita 4, na namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Seti yangu ina namba za Marekani, ambako 8 ni milimita 5 na namba ikipanda sindano inanenepa. Yaani mifumo miwili inakwenda kinyume, na imekutana kwangu Uyole. Kwa milimita 4 uzi ule unanipa vitanzi 22 kwenye sentimita 10, kwa milimita 5 unanipa 18. Gawanya 132 kwa hizo namba utaona sweta lilikotokea. Alilivaa dada yake. Kwa hiyo ukiagiza, usitaje namba, taja milimita. Na fuma kwanza kipande cha mraba, cha sentimita 10 hivi, uhesabu. Mama alikuwa ananiambia hilo tangu nina miaka tisa nikawa naona ananipotezea muda.

Sasa malalamiko. Mahali kichwa kinapoungana na waya panalegea. Si mara moja, ni kila baada ya siku mbili tatu. Februari, nikiwa nafuma mkono wa sweta huku nikikoroga uji, kichwa cha kulia kilijifungua chenyewe bila mimi kujua. Nikavuta vitanzi na vikaja hewani, kumi na vinne, vingine vikaporomoka mistari minne chini. Nilivirudisha kimoja kimoja kwa njiti ya kiberiti, uji ukashika chungu. Ndani ya mkoba kuna kipini kidogo cha chuma, nilidhani ni cha mapambo. Kumbe kinaingia kwenye tundu dogo lililoko kwenye shingo ya waya, ukishika kichwa kwa mkono mwingine unakaza mpaka mwisho. Hakuna karatasi ya maelezo inayosema hivyo, na muuzaji nilipomwandikia alijibu kwa alama ya dole gumba. Kwa vidole peke yake hakukazi, jueni hilo. Nikikaza kwa kipini naweza kufika wiki nzima.

Waya nao una tabia yake. Ulifika umekunjwa kwenye pakiti na unataka kubaki umekunjwa. Kwetu huku mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ambayo ukiongea unatoa moshi mdomoni, unakakamaa kama mkia wa panya aliyekufa. Dawa yake ni kikombe cha maji ya moto: uzamishe dakika moja, uvute unyooke, uushikilie mpaka upoe. Unatulia siku kadhaa.

Vichwa ni vya alumini vilivyopakwa rangi, na rangi kwenye ncha za milimita 4 imeshaanza kutoka, maana ndizo ninazotumia zaidi. Hata hivyo hazikwarui uzi. Zinateleza vizuri, tena kwa mfumaji anayejifunza pengine zinateleza mno. Jirani yangu nilimpa ajaribu, akarudi na spoku zake akisema hizi zina haraka kuliko yeye.

Lakini jambo lililonitisha ni vizibo. Seti inakuja na vizibo vidogo vya kufunga ncha za waya. Unaondoa vichwa vyenye ncha, unaziba, na kazi inabaki kwenye waya bila kitu cha kuchoma mtoto. Wazo zuri mno, na kwa miezi miwili nilikuwa nalisifia kwa kila mtu. Kisha jioni moja nikasikia mdogo anatafuna kitu. Kilikuwa kizibo, kiko ulimini, kinalingana na punje ya hindi. Nilikitoa kwa kidole, yeye akacheka, mimi nikakaa chini kwanza. Tangu siku hiyo vinakaa kwenye kopo la dawa lenye kifuniko, juu ya kabati, na kazi naining'iniza kwenye msumari. Mwenye mtoto anayetambaa asiache ule mkoba chini hata dakika moja.

Uzi sijanunua dukani tangu Machi. Pale mnadani napata masweta ya mtumba kwa elfu mbili, elfu tatu, makubwa ya watu wazima wa Ulaya, nayafumua. Ila chagua. Geuza sweta nje-ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimeshonwa kwa mashine ya ovaloku, liache, kwa sababu kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa hata kufungia mboga. Ukiona kingo zimesimama safi kama mnyororo, hilo lilifumwa kwa umbo lake, na uzi wake utatoka mmoja mrefu mpaka uchoke. Uzungushe kwenye viti viwili vilivyogeuzwa miguu juu (hapa watoto ni msaada, kazi ya kuzunguka viti wanaipenda), ufunge sehemu nne, uufue, uuning'inize na chupa ya maji chini yake ili mikunjo inyooke. Sweta moja la mtu mzima linanipa la mtoto na kofia mbili za marvini. Kama ni sufu halisi, usiuloweke maji ya moto na kuusugua, utajikaza uwe kama zulia. Kama ni akriliki, unafulika unavyotaka, ila mtoto asisogelee jiko la mkaa, maana ule unashika moto, unayeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Na hapa sindano za waya zimenifundisha kitu ambacho sindano za mama zisingeweza. Sweta naanzia shingoni, nashuka kwa kuzunguka, bila mshono ubavuni. Mtoto naweza kumvalisha kazi ikiwa bado kwenye waya nikaona linamfikaje. Na mwakani akirefuka nafumua pindo la chini na la mikono, naongeza vidole vinne, linakuwa jipya. La mkubwa nimeshaliongeza mara moja, ule mstari wa bluu chini watu wanadhani ni pambo.

Mwezi uliopita yule jirani wa spoku nilimfumia mtoto wake marvini kwa uzi uliobaki. Alikuja asubuhi na sado ya viazi. "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana, akasimama mlangoni anazitazama sindano kwenye kapu. "Hivi hizo zako ni bei gani kweli?" Nikamwambia asinunue seti, na wewe nakwambia hivyo hivyo. Katika jozi 13 nimetumia tatu: milimita 3.5 ya pindo, 4 ya kazi, na hiyo 5 ya bahati mbaya. Za milimita 10 sijui nani anazihitaji, labda anayefuma mikeka. Nunua sindano moja ya milimita 4, iliyoungwa moja kwa moja na waya wake wa sentimita 80, isiyofunguka. Hiyo haitakulegea ukikoroga uji, haina vizibo, na muuzaji wangu anaiuza elfu tisa. Kwa mikono na soksi unavuta waya utokeze pembeni kama sikio, unafuma nusu, unavuta tena, unafuma nusu ya pili. Inachukua siku mbili kuizoea.

Seti yangu naipa nyota tatu na nusu, nusu nyingine iko kwenye uji ulioungua. Mdogo ameamka. Nimebakiza mkono wa pili kuanzia kwenye kiwiko, na maharage manne mfuko wa kulia.