Semina ya siku 3 ya kuandaa mafunzo kazini: siku ya pili ndo yenye hela yako

Nilihudhuria hapa Dar mwezi wa tatu, jina la kampuni sitaji. Laki nne na nusu kwa kichwa, ukumbi wa hoteli, asubuhi chai na maandazi, mchana pilau (pilau sina neno nayo). Alilipa bosi, ningelipa mwenyewe ningeandika haya kwa hasira zaidi.

Siku ya kwanza hasara tupu. Jamaa kasoma slaidi toka saa tatu mpaka saa kumi, AC baridi ya mochwari, hatua tano za ADDIE, utaratibu wa kuandaa mafunzo, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini kazirudia mpaka tunasinzia, akatuambia mambo haya yaliandaliwa Florida State University mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Sawa kaka, ila sisi tunauza sukari na sabuni.

Siku ya pili kaja mama mmoja, huyu sasa ndo mwalimu. Projekta hata hajawasha. Kauliza kila mtu shida iliyomleta, mi nikasema makeshia wetu wanachelewesha foleni na wateja wanalalamika hawapewi risiti, kwa hiyo nataka niwaandalie mafunzo ya huduma kwa wateja ya siku mbili. Akanikata: "Mwanangu, umewauliza wenyewe?" Sijawauliza. "Ukisema leo atakayetoa risiti zote namzawadia elfu hamsini, watatoa?" Nikasema watatoa fasta. "Basi kujua wanajua. Katafute kinachowazuia."

Jioni nikapitia dukani nikakaa nyuma ya kaunta namba tatu kama dakika arobaini hivi. Roli ya karatasi ya mashine ya risiti (EFD) ikaisha, dada kanyanyuka kaenda ofisini, meneja hayupo, roli zimefungiwa kwenye droo yake na ufunguo katembea nao, foleni imesimama mpaka apigiwe simu. Hapo hata uwafundishe mwezi mzima unafundisha nini? Tukaweka roli mbili chini ya kila kaunta, na yale mafunzo yangu ya siku mbili yakageuka saa moja na nusu kwa makeshia wawili wapya tu, kila mmoja kabadili roli kwa mkono wake mara nne mi nimesimama pembeni.

Siku ya tatu ya kawaida. Mama katukataza kuandika lengo lenye neno "kuelewa", andika mtu atafanya nini ukimwona, mfano atabadili roli ndani ya dakika moja bila kuita mtu. Hilo zuri. Ila kazi za vikundi watu tisa meza moja, wanaofanya wawili, wengine wapo WhatsApp.

Sasa kilichoniudhi. Wametufundisha ngazi nne za Kirkpatrick za kupima kama mafunzo yamesaidia, za tangu 1959 huko: walifurahia, walijifunza, wanafanya tofauti wakirudi kazini, na biashara imefaidika nini. Alafu wao wenyewe wakati wa kufunga wanatugawia fomu ya vikatuni, kimoja kinacheka kingine kimenuna, weka tiki kwaheri. Ngazi ya kwanza tu hiyo! Waliahidi watapiga simu baada ya wiki sita kujua tumefikia wapi, hii ya kumi sasa, na simu niliyopata ni ya kuniuliza kama nina mwenzangu anataka kuja awamu ijayo kwa punguzo.

Nyota tatu, zote za yule mama. Ukitaka kwenda piga kwanza uulize yeye yupo siku ngapi, wakikwambia moja omba ulipie hiyo hiyo moja.