Shamba la shule au tripu ya Lake Nakuru?

Kila muhula hapa Nakuru wazazi tunabishana kipi kinawafundisha watoto mazingira vizuri zaidi. Kwa gharama shamba linashinda mbali, mbegu, jembe na mbolea ya ng'ombe tu, lakini tripu ni basi, kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na chakula, na kuna mtoto atabaki nyumbani.

Kufuata majira pia shamba liko juu. Mnapanda mvua ya Machi ikianza, Juni mnavuna maharagwe, Oktoba mvua fupi mnajaribu tena. Binti yangu aling'oa shina moja likiwa na maua, akapasua vile vinundu vya kwenye mizizi na kucha, akaona ndani ni pinki, akaniita mbio, "Mama, ona!" Hapo ndo alielewa naitrojeni, ile mbolea ya hewani, inaingiaje kwa udongo kupitia vinundu hivyo.

Ila shamba halikupi kifaru wala ziwa. Maji ya Lake Nakuru yalipanda kuanzia miaka ya 2010, chumvi ikapungua, mwani ambao flamingo wanakula ukapungua, wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria, na mtoto akisimama pale kwa miti iliyokauka ndani ya maji anaielewa hiyo habari haraka sana. Shida ni kwamba tripu ni mara moja kwa mwaka, na mvua ikinyesha siku hiyo imeharibika.

Utunzaji sasa: likizo ya Agosti nani anapalilia? Kama shule yenu haina mtu wa kubaki, au kiwanja ni simiti tupu, wekeni pesa kwa tripu. Kama kuna mwalimu anapenda udongo, anzeni na matuta mawili tu.