TAHADHARI: kuna rimu za Benzi zilizochongwa matundu, zinauzwa kwa wenye Mark II na Toyota nyingine za nati tano

Wakuu habari zenu, naomba mnisome hasa nyie wa GX100, Chaser, Cresta na Toyota nyingine za zamani zenye nati tano. Kuna jamaa anauza rimu za spoti pamoja na tairi used hapa Dar na zile rimu zinaweza kukuua wewe na uliowabeba. Simtaji jina, namba ya simu mwenyewe anabadilisha badilisha, ninachotaka mjue ni mzigo wenyewe ulivyo na jinsi anavyocheza.

Gari yangu ni Mark II GX100 ya 1998. Rimu zake za chuma mbili zilikuwa zimepinda, kila baada ya siku mbili tatu najaza upepo, nikaona bora nibadilishe zote. Nikakuta tangazo, rimu inchi 16 seti nzima na tairi zake laki sita na nusu, ameandika zinaingia GX100 bila shida. Nikamuuliza PCD (upana wa duara la matundu ya nati) ngapi, akajibu chap "nati tano bosi wangu, kama ya kwako". Hilo jibu ndo mtego wenyewe, kwa sababu nati tano ziko za aina nyingi. GX100 ni 5x114.3, maana yake ukichora duara linalopita katikati ya matundu yote matano, upana wa hilo duara ni milimita 114.3. Allion na Premio nazo ni nati tano lakini ni 5x100. BMW nyingi za zamani 5x120. Hizo mbili hata ulazimishe vipi haziingii, utajua pale pale. Hatari iko kwa Benzi, nyingi ni 5x112, tofauti na yako ni milimita 2.3 tu, kwa macho huwezi kuiona, na mtu akishika tupa ya duara akapanua kila tundu milimita moja na kidogo kuelekea nje basi zinaingia.

Tulikutana Ilala saa kumi na mbili na nusu jioni, kiza kinaingia. Kaja na fundi wake mwenyewe, kafunga zote nne kwa ile mashine ya upepo hata dakika ishirini hazijaisha, katikati zimebandikwa vifuniko vya Toyota, gari imependeza kweli. Nikamtumia hela tukaachana.

Jumamosi nikampakia mama mzazi na wanangu wawili tunaenda Morogoro. Mpaka Kibaha usukani unatetemeka kidogo nikajua ni balansi tu. Tukikaribia Mlandizi niko kama 80 mtetemo ukazidi, halafu mbele kushoto kukaanza kugonga ta ta ta. Nikasimama pembeni. Wakuu, nati mbili nilizizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Na stadi moja (ile bolti inayoshika nati) imekatika, haipo kabisa. Mama alikuwa amekaa upande huo huo.

Nikasogea taratibu sana mpaka kwa mzee mmoja fundi tairi pale Mlandizi. Kaivua rimu, kailaza chini, kachukua bisibisi akakwangua rangi kwenye tundu la nati. Silva ya kupulizia ikatoka kama ganda, chini yake aluminiamu inang'aa ina mikwaruzo ya tupa, na tundu lenyewe refu kwa upande mmoja. Akaniambia "mwanangu, hili tundu ni yai. Kiwandani hawatoi tundu la yai." Akageuza nyuma, pamegongwa 7Jx16 ET37, vipimo vya rimu ya Benzi. Kile kifuniko cha Toyota kilibandikwa kwa silikoni.

Alinielewesha kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na fundi yeyote. Rimu haishikwi na nati peke yake, tundu kubwa la katikati linatakiwa kukaa kwenye habu (kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa juu yake) bila kucheza ndo tairi inakaa katikati sawasawa. Habu ya GX100 ni milimita 60.1, rimu ya Benzi katikati ni 66.6, kwa hiyo inaning'inia kwenye nati tu. Na nati zenyewe hazikai vizuri, maana rimu ya Benzi pale nati inapokaa pameviringwa kama bakuli, wakati nati alizonifungia zina koni, zinagusa kamstari kembamba tu. Ukikanyaga breki mara kadhaa, ukipita matuta, zinaanza kulegea zenyewe. Ukiziona zinalegea ukakaza zaidi unazidi kuumiza stadi.

ET nayo muangalie, ni namba ya milimita inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani, ikiwa ndogo tairi inatoka nje zaidi. Zangu za asili ni ET50, hizi 37, maana yake tairi imetoka nje milimita 13 zaidi, nikiwa nimebeba watu nikakata kona inakwangua fenda. Na hapo kachangia saizi ya tairi pia, kaniwekea 205/65R16 wakati kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 195/65R15. Ukipiga hesabu tairi ya kibandiko ina urefu wa kama milimita 634, hizi 673, ni asilimia 6 zaidi. Mshale ukisoma 50 wewe uko 53, tochi ikikupiga kwenye eneo la 50 utabishana na trafiki bure. Ungetaka inchi 16 ilitakiwa 205/55R16, inakaribiana kabisa na ya asili.

Tairi zenyewe nazo wizi mtupu. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyogongwa ubavuni mwa tairi, ndo wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mara nyingi zinaandikwa upande mmoja tu wa tairi, na huyu kazifunga zote upande wa tarehe uko ndani. Nilipolala chini na tochi ya simu nikakuta mbili ni za 2011, mbili pamesuguliwa hapasomeki. Na kashata (yale maua ya tairi yanayokanyaga barabara) zimechongwa upya. Pitisha kidole ndani ya mfereji, tairi nzima ina vinundu vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji, hivyo ndo vinakuonyesha kashata imebaki milimita 1.6. Kwenye hizi vinundu vimekatwa na kisu, na moja ukiikunja unaona nyuzi.

Kwa hiyo ukienda kununua nenda mchana, nenda na fundi wako, rimu ivuliwe uone mgongo wake na matundu kabla hujatoa hata mia. Beba rula ya vernia kama unaweza kuazima, pima tundu la katikati. Kama tundu la katikati ni kubwa kidogo lakini PCD ni yenyewe, kuna ringi za kuziba hiyo nafasi, hilo halina shida. Ila PCD ikiwa siyo, hakuna ringi wala nati itakayookoa. Akikataa rimu isijaribiwe kwa mkono kwanza, nati zote tano ziingie kwa vidole mpaka mwisho bila spana, achana naye ondoka. Na ukishafunga, kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hata kama ni rimu halali.

Nilimpigia nikiwa pale pale Mlandizi, akasema mzigo ukishafungwa haurudi, akaniblok. Nimeenda polisi nimepewa RB, rimu ziko nyumbani kama ushahidi. Jana usiku mdogo wangu kanitumia tangazo jipya, namba nyingine, picha zile zile nilizotumiwa mimi, rimu zimeegeshwa kwenye ukuta wa kijani na ndoo nyeupe pembeni, sasa hivi anasema zinaingia Harrier old model. Harrier old model nayo ni 114.3. Ukiiona hiyo picha usimjibu, nitumie mimi inbox, namba na muda aliopost.