Tochi ya Wawindaji Isiyopenda Baridi

“Uliitumia kwenye baridi?”

Hilo ndilo swali nililoulizwa na dada wa huduma kwa wateja, baada ya kuachwa kwenye simu nikisikiliza muziki mpaka sikio likaota joto. Dada yangu, ni nyinyi mlioandika kwenye boksi kwamba hii ni tochi ya wawindaji. Msimu wa kuwinda kwa upinde hapa Pennsylvania unaanza Oktoba na kuingia Novemba. Mlitaka nikaitumie wapi, Mombasa?

Kampuni siitaji. Mambo ya lumeni (kipimo cha mwanga) na kuzama majini mtayasoma wenyewe kwenye tangazo, yote yapo na yote yanapendeza. Mimi nasimulia usiku mmoja tu, mwishoni mwa Oktoba, kaunti ya Potter, milimani karibu na mpaka wa New York, ambako giza likiingia limeingia kweli.

Nilikwenda na upinde wa kizamani, wa mbao, ule wenye ncha zilizobinuka mbele, usio na kapi (vigurudumu vya kupitishia uzi) wala kitu chochote cha kulengea. Wenzangu karibu wote wana pinde za kapi, ambazo ukishavuta hadi mwisho mzigo unapungua, mtu anaweza hata kupiga miayo huku amelenga. Wangu haupunguzi kitu. Ni ratili 45 kuvuta na ratili 45 kushikilia (sheria ya hapa inataka zisipungue 35), na ukichelewa kuachia mkono unaanza kutetemeka. Kijana wa dukani aliniuliza kama nautaka wa kutundika ukutani. Alipojua natoka Kenya akageuka ghafla, ikawa lazima nimezaliwa na podo mgongoni! Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kijana. Upinde wa Kikamba niliuona kwa babu, umechomekwa darini, na kuugusa ilikuwa ni kutafuta viboko.

Tuendelee. Kulungu alitokea jua likiwa limeshazama, ndani ya ile nusu saa ambayo sheria bado inakuruhusu. Hatua kumi na tano hivi, kanipa ubavu. Upinde haukutoa kelele ya maana, nilisikia mshale ukigonga tu. Akaruka, akatupa mateke, akatokomea kwenye miti.

Mzee niliyekwenda naye, jirani yangu, mwindaji wa tangu ujana wake, akasema tukae. Ukimfuata mnyama papo hapo anaweza kunyanyuka tena na kwenda mbali usikokujua, kwa hiyo unampa angalau nusu saa, na kama mshale umempata vibaya unampa masaa. Pinde tukazifungia ndani ya gari, maana kumulika kulungu usiku ukiwa na silaha ni kosa, na bwana nyama akikukuta hakuna hadithi atakayoisikiliza. Basi tukaingia msituni na tochi peke yake. Taa za chaji zilikuwa zinawaka kijani zote.

Nikaiwasha. Mwanga mweupe wa kibuluu, kama wodi ya hospitali. Sasa sikiliza: chini ya mwanga huo damu haiwi nyekundu, inakuwa nyeusi. Na majani ya miti ya mepo msimu huo yamejaa ardhini, mekundu, mengi yana madoa meusi ya ukungu, mviringo, makubwa kidogo kuliko tone. Nilipiga magoti nikawa nalowesha kidole kwa mate na kusugua jani moja moja. Doa. Doa. Doa. Damu. Doa. Mzee kasimama nyuma yangu kimya, na kimya cha mzee mnakijua.

Nikahamia taa nyekundu, ambayo tangazo linaisifu kwamba kulungu haioni. Hapo hawadanganyi sana, macho ya kulungu ni dhaifu kwa rangi nyekundu, na alfajiri ile nikielekea kwenye mti wangu wa kuvizia niliishukuru taa hiyo kwa moyo. Lakini chini ya mwanga mwekundu damu inapotea kabisa! Jani jekundu, damu nyekundu, taa nyekundu, utaona nini? Aliyeibuni tochi hii anajua kumwendea mnyama. Kumfuata baada ya mshale hakujamhusu.

Nikarudisha mweupe. Tochi ikapepesa, ikafifia, ikazima. Nikabonyeza, kimya. Betri imefungiwa ndani, huwezi kuitoa uweke nyingine, kwa hiyo hata zile za akiba zilizokuwa mfukoni hazikuwa na kazi. Nikaitia kwapani, ndani ya jaketi, ipate joto. Ikawaka kidogo, ikanionyesha shina la mti lililokuwa mbele ya pua yangu, ikafa tena. Baridi yenyewe haikuwa hata ya kusimulia, maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuganda pembezoni mwa kijito.

Mzee akarudi garini bila neno. Aliporudi alikuwa na taa ya Coleman, ile ya kijani ya kupampu, utambi wa kitambaa, inavuma shhhh. Karabai! Karabai ile ile ya harusi za kijijini kwetu. Mwanga wake una umanjano na unamwagika pande zote, siyo kamshale kamoja mbele. Akaiinamisha karibu na ardhi na majani yakabadilika hapo hapo, damu ikawa nyekundu, inang’aa kwa unyevu. Kwenye jani moja tone lilikuwa la waridi lenye vipovu vidogo vidogo, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Vipovu ni mapafu. “Huyu hakwenda mbali,” akasema. Kulungu alikuwa amelala nyuma ya gogo, hatua chache kutoka pale nilipokuwa natambaa nikisugua madoa.

Nyama tulipata, nzuri, haikuharibika. Nilipopiga simu sikudai zaidi ya pesa yangu, na ndipo nikakutana na swali lile, na baada yake sentensi ndefu kuhusu waranti na nyuzi za joto. Nilipandisha sauti, sikatai. Wakanitumia mpya.

Na hii mpya inafanya kazi vizuri mno, jambo linaloniudhi zaidi. Nimebadilishia tairi usiku, inasaka viatu vya watoto chini ya kitanda, mke wangu ameipenda na haoni nalalamikia nini. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika hapa “nyota tatu”. Ukiwinda Florida kwenye joto, au unataka tu kuufikia mti wako kabla hakujapambazuka, nunua, taa nyekundu peke yake inalipa.

Hapana. Nimesoma tena nilichoandika na hasira imerudi. Tochi ya porini isiyokubali kufunguliwa betri, msinunue. Tafuteni inayomeza betri za kawaida, mtie zile za lithiamu za kutumia na kutupa, zinavumilia baridi kuliko za alkali, na mwanga uwe na umanjano kidogo ili damu ibaki damu. Nyota moja.

Upinde ni habari nyingine. Nunueni, lakini kama huna muda wa kufyatua mishale kila jioni kiangazi kizima, chukua wa kapi na usione aibu, mnyama hastahili kujaribiwa jaribiwa. Na kinga ya mkono msiisahau. Uzi ukikuchapa ndani ya kiwiko, shati la mikono mirefu utalivaa wiki nzima kuficha.