Chupa ya kuoshea pua: uzoefu wangu baada ya kiangazi kizima

Ninaishi Dodoma na ninafundisha shule ya msingi, kwa hiyo vumbi la nje na la chaki nimelizoea. Kwa miaka kadhaa, kila upepo mkavu wa Juni ulipoanza kuvuma, nilianza kwa chafya na macho kuwasha, kisha makamasi yakawa mazito, uso ukauma chini ya macho, na mwisho kikohozi kikashuka kifuani. Nilikuwa nikimeza vile vidonge vidogo vya manjano vya mzio, ambavyo vilinisinzisha mbele ya darasa la nne, na vikishindwa ninakwenda duka la dawa kununua antibiotiki ya amoksilini. Nilikuwa nikipata nafuu, na baada ya wiki chache ninarudi pale pale.

Daktari wa masikio, pua na koo alinimulika puani na kunieleza kwamba nimekuwa nikitibu mkia na kuacha kichwa. Mzio huvimbisha utando wa pua, vijinjia vinavyotoa ute kwenye sainasi, yaani vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, huziba, ute hutuama, na uliotuama huwa makao ya bakteria. Aliongeza kwamba mengi ya mafua yangu yalikuwa ya virusi, ambavyo antibiotiki haivigusi kabisa. Aliniandikia fluticasone, dawa ya kupunguza uvimbe, ya kupuliza puani, na akanishauri ninunue chupa laini ya plastiki ya mililita 240 pamoja na pakiti zake za chumvi.

Siku ya kwanza nusura niitupe. Nilisahau kuweka chumvi, na maji matupu yaliniwasha hadi kwenye paji la uso, kama mtu aliyepaliwa akiogelea. Yakitiwa chumvi ya kipimo sahihi, ambacho ni takriban gramu 9 kwa lita, hayawashi hata kidogo. Unainama juu ya sinki, unaacha mdomo wazi, unaminya taratibu, na maji yanaingia tundu moja yakitokea la pili pamoja na uchafu ambao sitausimulia hapa. Ukiminya kwa nguvu pua ikiwa imeziba kabisa, masikio yanajaa na kuuma. Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba maji kidogo hubaki ndani: nusu saa baadaye nilisujudu katika swala ya alfajiri, yakamwagika yote juu ya msala. Siku hizi ninaosha mapema na kuinamisha kichwa huku na huku kabla ya kutoka bafuni.

Kuosha kunatangulia, dawa ya kupuliza inafuata dakika kumi baadaye, la sivyo unaisuuza dawa yako mwenyewe. Dawa hiyo nayo inataka subira, kwani kwangu ilichukua karibu wiki mbili kuonyesha kazi, na nilitokwa damu puani mpaka nilipojifunza kuielekeza upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua.

Kiangazi hiki nimepata mafua mara mbili, na yote yameishia puani, antibiotiki sijatumia. Sisemi ni chupa peke yake, maana pia nimevalisha godoro foronya ya kuzuia utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaochochea mzio, na ninafua mashuka kwa maji ya moto. Kifua nacho hakikuhusika na chupa hii: nilipoanza kukoroma kifuani wakati wa kupumua, nilirudi hospitalini, nikapimwa na kupewa salbutamol ya kuvuta, dawa inayofungua njia za hewa.

Kasoro zake ni mbili ndogo na moja kubwa. Pakiti za chumvi ni ghali na hupatikana katika maduka machache ya mjini, na chupa isipokaushwa vizuri huota madoa meusi ya ukungu, hivyo ninaibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Kasoro kubwa ni karatasi ya maelekezo, ambayo haina neno la Kiswahili, ilhali ndiyo inayokataza kutumia maji ya bomba. Maji yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba, kijidudu cha seli moja, ambaye ukimnywa hakudhuru, lakini akipanda puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Hutokea kwa nadra sana, ila si jambo la kubahatisha. Jirani yangu alinunua chupa kama yangu, na nilimkuta akiijaza bombani. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika ubavuni mwa chupa yake, na kisha mwa yangu: MAJI YALIYOCHEMSHWA YAKAPOA TU.