Riwaya za Kijasusi za Miaka Ijayo: Tazama Familia Kwanza

Karibuni watazamaji wangu. Leo nachambua vitabu: riwaya za kijasusi zinazotokea miaka michache mbele yetu, zile ambazo jalada linakuahidi ujasusi, familia na penzi lililopotea, vyote kwa mpigo. Ziko nyingi, na nyingi zinaharibikia palepale. Mwandishi anamalizia nguvu zote kwenye droni na miwani inayorekodi, akija kwa mama wa jasusi anampa sentensi mbili.

Nikishika riwaya ya namna hii, natafuta ukurasa wenye teknolojia kisha najiuliza: inamuumiza nani? Tazama mfano huu wa kweli. Mwaka 2018, huko California, polisi walimkamata muuaji aliyekuwa akisakwa kwa miongo kadhaa. Walimfikia kupitia ndugu wa mbali, ambao vinasaba vyao vilikuwa kwenye hifadhidata ya kutafutia nasaba.

Sasa badala ya muuaji, weka jasusi. Zamani alibadili jina na pasipoti, ukoo ukabaki nyuma. Leo binamu asiyemjua kabisa anatema mate kwenye kichupa, anakituma maabara kwa sababu tu anataka kujua asili yake, na jina la bandia limekwisha. Ndugu amekusaliti na wala hajui kama upo! Hapo utiifu kwa familia unakuwa swali gumu kweli, kwa sababu hata ukiikimbia damu yako, yenyewe inakufuata. Mwandishi akilishika hilo, mimi namsamehe mengi.

Na msidhani waandishi wanatia chumvi kuhusu familia. Ana Montes alikuwa mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani huku akiifanyia kazi Cuba. Alikamatwa Septemba 2001, akahukumiwa miaka 25. Dada yake wa damu, Lucy, alikuwa mfanyakazi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani ambalo huwasaka majasusi. Hebu fikirieni meza ya chakula ya familia ile! Halafu mwaka 2010, karibu na Boston, FBI waliwakamata mke na mume waliokuwa majasusi wa Urusi wakiishi kwa majina ya Wakanada waliofariki. Siku hiyo mtoto wao mkubwa alikuwa anatimiza miaka 20. Nikisoma riwaya, nataka kumwona kijana wa namna hiyo akiwa amesimama sebuleni, hajui hata wazazi wake wanaitwa nani. Usiniruke hapo unipeleke kwenye magari yanayofukuzana.

Upande wa penzi, mpenzi akiuawa sura ya tatu ili shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi, mimi kitabu nakirudisha. Hilo si penzi lililopotea. Kuna njia bora, na iko mlangoni: wataalamu wa usalama wanaonya kwamba ujumbe uliosimbwa, yaani uliofungwa kwa msimbo wa siri, unaweza kunaswa leo na kuhifadhiwa, hadi zije kompyuta za kwanta, yaani kompyuta za aina mpya kabisa, zenye uwezo wa kuufungua. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vyake vya kwanza vya usimbaji wa kuhimili kompyuta hizo. Basi chukua barua ya mapenzi iliyotumwa usiku mmoja na kufutwa asubuhi. Miaka ishirini baadaye mgeni anaifungua ofisini kwake, na jina la mpenzi limo. Aliyeiandika keshaoa kwingine, ana watoto, na sasa anatakiwa kuchagua amlinde nani. Hiyo nitainunua bila kuuliza bei.

Jambo la mwisho ni toleo la sauti. Jasusi mmoja huwa na majina matatu, na ukisikiliza huku unafanya kazi nyingine utapotea. Hizi chukua za karatasi, uweze kurudi nyuma kumtafuta mtu. Kama umesoma yoyote ambayo familia ndiyo imebeba hadithi, niandikie jina lake hapo chini, nitaisoma.